Duara la Vichwa Kumi na Kimoja

"Msusi wetu naye anakubali?" aliuliza Mama Yoeli kutoka kwenye kigoda, kichwa chake kimebanwa katikati ya magoti ya Eunike.

Eunike akaitikia kwa kichwa, tena na tabasamu juu. Wajumbe wa kamati ya sendofu wakapiga makofi, chai ikamiminwa, na mazungumzo yakahamia kwa bwana harusi na lile gari lake ambalo kila asubuhi lazima lisukumwe ndipo liwake.

Ukweli ni kwamba Eunike hakusikia swali. Wakati kamati inapanga siku ya kumuaga bibi harusi, Nashipae, yeye alikuwa anapanga kazi sita za kompyuta. Ya pili inasubiri ya kwanza, ya tano inasubiri ya pili na ya tatu, ya nne haisubiri yoyote. Je, zote zitakwisha kwa muda gani mfupi kuliko wote? Swali lilikuwa limemkaba tangu alfajiri. Jibu likamjia pale pale, kwenye mstari wa saba wa kichwa cha mama mwenye nyumba wake, na ndiyo maana akatabasamu.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja Kaloleni, mlango unatazama uani kwa Mama Yoeli, na ukimya haukuwahi kupanga humo. Hata asiyesuka aliingia, akakalia ndoo iliyogeuzwa, akatoka anajua nani kahama Kijenge na nani karudiana na mumewe. Ndeshi, muuza vitumbua wa mlango wa pili, ndiye aliyekuwa taarifa ya habari. Ndeshi huyo huyo alikuwa ameeneza kwamba Eunike kapata mchumba, maana siku hizi anacheka peke yake.

Mchumba hakuwapo. Kulikuwa na mtihani. Chuo kimoja cha kompyuta pale mjini kilitaka watu thelathini wa kuwasomesha bure miaka miwili, na walioomba walikuwa wamepita elfu moja. Mwisho wa umri, miaka ishirini na minane. Eunike alikuwa nayo yote, na mwezi wa kumi angeizidi. Hesabu aliipenda tangu sekondari kule mlimani, kwenye migomba na kahawa za kwao, kabla baba hajaugua na kitana kuchukua nafasi ya kalamu.

Kwa kuwa siku ya msusi haina saa yake mwenyewe, alikuwa ameipanga ratiba kwa misuko, nyuma ya kalenda ya kanisa. Twende kilioni, inayokwisha kabla chai haijapoa, ilikuwa ya maswali ya mantiki. Yeboyebo ilikuwa ya aljebra. Rasta ndogo ndogo, zile za kutwa nzima, aliziwekea programu, kwa sababu vidole vilizijua vyenyewe na kichwa kikabaki huru. Kanuni alizibandika kuzunguka kioo kwa vikaratasi. Wateja walidhani ni dawa za nywele.

Alificha kwa sababu anaijua Kaloleni. Ukitaja mtihani asubuhi, saa sita umeshafeli, jioni watu wanakuja kukupa pole.

Ndeshi ndiye aliyemletea kadi siku ya pili yake. Sendofu ingekuwa Jumamosi ya tarehe ishirini na sita. Akina mama kumi na mmoja wa upande wa bibi harusi, kitenge kimoja, msuko mmoja, wote mikononi mwa Eunike, pamoja na bibi harusi mwenyewe. Waanze Ijumaa mchana, wamalize Jumamosi saa nane.

Eunike aliisoma mara mbili. Mtihani ulikuwa Jumamosi hiyo hiyo, saa tatu asubuhi.

Siku tatu alibeba jambo hilo kama mtu aliyemeza mfupa. Kukataa kazi ya sendofu baada ya kuikubali mbele ya kamati ni kutukana ukoo, na kwa mikono miwili hakuna awezaye kumaliza vichwa kumi na viwili Ijumaa moja. Siku ya nne saluni ikiwa imejaa, akaweka kitana chini, akamwamkia Mama Yoeli, akasema yote. Alisema chuo, alisema umri, alisema hata kwamba siku ile aliitikia jibu la hesabu.

Ndeshi alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Kwa hiyo mchumba hayupo?"

Watu wakacheka, ila siyo Mama Yoeli.

"Mtihani upo kila mwaka, mwanangu," alisema polepole. "Nashipae anaagwa mara moja."

"Kwangu mimi haupo tena, mama. Mwakani nitakuwa nimezidi."

"Ungesema siku ile."

"Siku ile sikuwepo. Mlikuwa na mikono yangu tu."

Mama Yoeli akainuka, akasogea kwenye kioo kama anayejitazama. Alikuwa anasoma vikaratasi. Aligusa kimoja kwa kidole, akauliza kama hiki ndicho kile alichodhani ni cha dawa ya kuzuia nywele kukatika. Eunike akasema ni kanuni ya kupanga kazi zinazosubiriana.

"Na vichwa vyetu?" akauliza Mama Yoeli. "Navyo vinasubiriana?"

Eunike akamtazama. Hakuwa amelifikiria hivyo, yeye aliyekesha na kazi sita za kwenye karatasi. Kugawa mistari ndiko kunakohitaji mkono wake, lakini kufuata mstari uliokwisha kugawanywa, je? Hapakuwa na mwanamke katika kamati ile ambaye hakukua akimsuka dada yake mlangoni.

"Hapana, mama," alisema. "Vinanisubiri mimi. Vyenyewe havisubiriani."

Ijumaa ya kusuka ilipofika, Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu tangu Jumatatu, na baridi ya mwezi wa saba iliingia mpaka kwenye magoti. Walikaa uani kwa duara, viti kumi na kimoja, kila mmoja ameshika kichwa cha aliye mbele yake, mikono juu kama watu wanaoombewa. Eunike alizunguka ndani ya duara na mkia wa kitana, anagawa, anasuka mstari mmoja wa mfano, anasogea kichwa kinachofuata. Ndeshi alikaa karibu na jiko la mkaa na sufuria, anachovya ncha za rasta kwenye maji ya moto na kuwaunguza kidogo kila alipoanza kusimulia. Habari iliyotoka kwa Mama Yoeli kwamba bwana harusi ana gari la kusukuma ilizunguka duara zima, ikamrudia mwenyewe ikisema bwana harusi ana magari mawili. Akaipokea bila kubisha.

Mistari haikunyooka yote. Wa kwake Mama Yoeli, juu ya sikio la kushoto, ulipinda kama njia ya kwenda Kwa Mrombo wakati wa masika. Alijitazama kwenye kioo, akasema kilemba kitafunika.

Jua lilikuwa bado halijazama Eunike alipomaliza kichwa cha Nashipae. Alikuwa anakusanya nywele zilizoanguka pale bibi harusi, ambaye mchana kutwa hakuwa na la kufanya zaidi ya kuagwa, alipovuta kigoda.

"Kaa."

"Mimi?"

"Kwani nani anamsukaga msusi? Kaa, dada."

Nashipae alisuka polepole, ulimi nje kidogo. Alifika nusu ya kichwa, mashangazi kutoka Monduli wakashuka getini na vigelegele, ikabidi akawapokee.

Asubuhi Eunike alivaa kofia ya sufu, akaivuta mpaka kwenye nyusi. Chumba cha mtihani kilikuwa na kompyuta arobaini na vijana ambao wengi wao wangeweza kuwa wadogo zake wa mwisho. Msimamizi alipita kati ya meza, akasimama kwake.

"Kofia, tafadhali."

Akaivua. Upande mmoja mistari sita imetulia, upande wa pili umesimama wote kama migomba baada ya upepo. Kuna aliyecheka nyuma. Eunike akapapasa mstari wa mwisho, ule ambao Nashipae aliuacha bila kufunga fundo, akaukunja nyuma ya sikio.

Saa ya kwenye skrini ikaanza kushuka. Vidole vyake vilinuka mafuta ya nazi na moshi wa jiko la Ndeshi. Akasoma maswali yote mpaka mwisho bila kugusa kitu, kisha akarudi juu, akaanza na la nne, lile lisilosubiri lolote.