Njia!

Mzee Arezki alipohamia ghorofani, nje ya jiji la Aljeri, bintiye Nasima alimfunza tabia za nyumba mpya: viatu avue mlangoni, taka azifunge kwenye mfuko. Akazishika zote, ila moja ya zamani ilimshinda kuiacha. Kila akirudi alisimama mlangoni akapaza sauti, "Njia!", kama wanaume walivyofanya kwenye nyumba yao ya zamani ya familia sita, wanawake wa uani wapate kujisitiri.

Leo Nasima alikuwa nyuma yake na kapu la mboga, uvumilivu ukamwisha.

"Baba, majirani wanakucheka! Unaishi peke yako, unampigia nani kelele?"

"Mama yako alikuwa akinijibu, 'Pita.' Miaka arobaini sikuwahi kuingia kabla hajasema."

"Mama tulimzika kabla hujahama, Baba."

"Najua," akasema, ufunguo mkononi, na mlango asiufungue.