Njiwa wa Kumtia Kipanga Adabu

Kinyozi alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi, wa kuloweka vitana kwenye dawa hata siku isiyo na mteja. Basi mfikirie mtu huyo akipanda kila asubuhi kwenye paa lake la zege kulisha njiwa, akute kichwa kisicho na macho, mguu umekatika, na utumbo umenata sakafuni huku nzi wakiuchangamkia. Mhusika ni kipanga aliyehamia juu ya ghorofa la benki. Alikuwa akimkamata njiwa wa kinyozi, anamchana palepale, anashiba, anaondoka zake. Kinyozi huzoa mabaki kwa koleo, pua kaiziba, akishuka hata chai haipiti. Na watu barabarani wanampiga picha yule mshenzi, eti mzuri!

Siku moja uvumilivu ulimwisha. Alimshika njiwa dume mzee, akampaka sumu ya panya chini ya manyoya ya shingo, akamrusha amfuate kipanga. Akanawa mpaka ngozi ikawasha, akaenda kunyoa watu huku akipiga mluzi. Kwa hasira zake alisahau jambo ambalo kila mfuga njiwa analijua: njiwa asipokamatwa, hurudi bandani.

Jioni alimkuta mama mkwe sebuleni. Mama huyo alikuwa ametoka hospitali, na kinyozi na mkewe walikuwa wameshakubaliana aje apumzike kwao. Mbele yake supu ilikuwa ikifuka.

"Karibu, baba. Mwenzio kanichinjia njiwa."

"Njiwa yupi?" kinyozi akauliza.

"Yule mzee," mkewe akajibu kutoka jikoni. "Nimemkuta kajikunyata bandani, hata kukimbia hawezi. Nikaona asife bure, mama apate supu."

Mama mkwe akainua kijiko. Kinyozi akaipiga teke meza. Supu ikamwagika mkekani, na kipande cha ngozi ya shingo, laini na chenye mafuta, kikanasa kwenye mguu wa mama mkwe.

"Usinywe! Ina sumu!"

Mkewe akatoka mbio, mwiko mkononi. "Sumu? Mbona mimi nimeonja chumvi?"

Akakimbilia sinki, akatia vidole kooni. Huku mkewe akitapika, kinyozi akaeleza yote, kipanga, sumu, shingo, na kadiri alivyosema ndivyo alivyojichukia. Maneno yenyewe yalikuwa yakinuka.

Mama mkwe akakibandua kile kipande cha ngozi mguuni.

"Kipanga nimemwona, yuko kulekule juu," alisema taratibu. "Supu imewekwa mbele yangu. Sasa huyu njiwa ulimtuma kwa nani?"

"Mama, nakuapia..."

"Mimi sijakuuliza kiapo."

Kinyozi akamgeukia mkewe amtetee. Mkewe alikuwa ameinamia sinki, anahema, mdomo umemlowa. Haraka kinyozi akajaza glasi maji, akampelekea asukutue.

Mkewe akaitazama ile glasi, akamtazama yeye.

"Mama, vaa viatu," alisema. "Twende hospitali. Maji nitakunywa hukohuko."