Majani ya Musafiri

Kiangazi kile, makombora yalipoanza kuanguka kusini mwa mji, Dative alifunga mlango wa uani akasema hakuna atakayetoka bila sababu, hata paka. Madirisha ya upande wa barabara alikwisha kuyaziba kwa magunia ya mchanga. Lilibaki dirisha moja la kuingiza mwanga, lile linalotazama uani, na kwenye kizingiti chake kulikuwa na ua la marehemu mumewe, ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, katika mtaa wa Kibenga, na Odette alikuwa akiishi humo tangu Pasaka. Wawili hao walifahamiana kwenye masomo ya jioni ya parokia, wanawake wazima waliobanana kwenye dawati la watoto, wakifuata mistari ya Zaburi kwa kidole. Dative alikuwa Mrundi, mjane, na aliishi kwa kupika pombe ya mtama. Odette alikuwa amekimbia kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Jioni Dative aliposikia kwamba mwenzake analala kwenye baraza ya watu, alifunga daftari lake akamwambia, "Kwangu kuna chumba. Mungu hakunipa watoto wa kukijaza." Odette akaja na mfuko mmoja na kikapu chenye paka.

Paka aliitwa Musafiri. Alikuwa wa kijivu, sikio moja limechanika, na mwenye paka hasa alikuwa Trésor, mtoto wa Odette. Siku ya kukimbia, Trésor alimtia paka kikapuni, akampa mama yake kikapu, akarudi ndani kuchukua blanketi. Risasi zikaanza, watu wakasukumana, na Odette akajikuta mpakani akiwa na kikapu bila mtoto. Baadaye aliambiwa kwamba kijana alionekana akipanda boti ya kwenda Kalemie pamoja na baba yake mdogo. Hakusikia zaidi ya hapo. Kila asubuhi alimwombea mtoto kwanza, kisha paka, wala hakuona aibu kumtajia Mungu jina la paka. Aliamini kwamba siku Trésor atakaporudi, swali lake la kwanza litakuwa: Musafiri yuko wapi?

Kule Uvira, Musafiri alizoea kula majani kando ya mfereji kila asubuhi, kidogo tu, kisha akaendelea na shughuli zake. Sasa, akiwa amefungiwa, alitafuta kitu cha kijani ndani ya nyumba, na cha kijani kilikuwa kimoja: ua la marehemu, lenye majani mapana ya madoa meupe. Dative alimkuta amekwisha kutafuna jani zima. Mate yalimtoka mdomoni na alikuwa akijifuta kwa mguu kama aliyeungua.

"Mama Trésor," Dative aliita, "njoo uone. Paka yako imekula bwana yangu."

Odette alimsafisha Musafiri mdomo kwa maji. "Unisamehe, dada. Ile ua iko kali, imemuchoma. Kwetu alizoea majani."

"Majani? Ni paka ao ni mbuzi?"

"Paka wote wanakula. Yanawasafisha tumbo."

"Basi ni mbuzi. Mbuzi ya kwanza ya kukamata panya." Dative alijaribu kubaki na hasira lakini hazikukaa. Alikata jani lililoharibika, akaliweka ua juu ya kabati, mbali na paka na mbali na jua pia, akasimama akilitazama kwa muda.

Kesho yake alikuwa analoweka mtama wa kufanyia kimea cha pombe. Akachota viganja viwili, akavitandaza kwenye sahani pana ya bati yenye udongo, akavinyunyizia maji, akaiweka sahani kizingitini, pale pale lilipokuwa ua.

"Hiyo si ya pombe?" Odette aliuliza.

"Hiyo ni shamba ya Musafiri. Na mbuzi iko na haki ya kupata malisho."

Siku hiyo Odette alipopiga magoti, hakuanza na mtoto wala paka. Alianza na Dative.

Katika Kibenga nzima hakukuwa na mtu aliyejua kuchipusha mtama kama Dative. Punde sahani ilijaa majani ya kijani, laini, yenye urefu wa kidole. Jumamosi mchana aliishusha sakafuni. Musafiri alinusa, akala, akarudia kula, na wanawake wawili wakamtazama kama watu wanaotazama mtoto akinyonya. Chai yao ilikuwa bado ya moto alipoanza kuhema. Miguu ya nyuma ikalegea. Akatapika povu, akalala ubavu, macho wazi.

Odette alimbeba mpaka chumbani, akaketi naye sakafuni, akisali Baba Yetu bila kufika mwisho. Alianza upya kila mara. Alipotoka kwenda kuiangalia ile sahani, sakafuni wala kizingitini hakukuwa na kitu. Jikoni pia haikuwapo. Dative alikuwa uani, akinawa mikono kwenye pipa, akiwa amempa mgongo.

"Sahani iko wapi?"

"Nimetupa majani."

"Wapi?"

"Nimefukia. Kuku za watu zisile." Akapita ndani bila kumtazama.

Odette alibaki uani. Kutoka upande wa pili wa ukuta jirani yao, Nella, alimwita kwa sauti ya chini. Nella alikuwa mtu wa kujua kila kinachopikwa kwa wenzake.

"Mama wa Uvira. Paka iko namna gani?"

"Inapumua."

"Pole. Mi sisemi kitu. Lakini mutu mwenye roho safi anafukia nini? Paka imekula ua ya bwana yake, na yeye anailisha kwa mukono yake mwenyewe. Leo ni sahani ya paka. Kesho ni sahani ya nani?"

"Nella, usiseme hivyo."

"Sijasema. Nimeuliza tu."

Miaka ile watu wa mji waliogopa sumu kuliko makombora. Kombora unalisikia likija. Odette alirudi chumbani, akafunga mlango, akakusanya nguo zake na kuufunga mfuko.

Musafiri hakufa. Jumapili asubuhi aliinua kichwa akanywa maji kwenye kiganja cha Odette. Lakini mfuko ulibaki umefungwa. Kulikuwa na kambi ya wakimbizi upande wa mpaka, na Odette aliijua njia yake. Alijua pia kwamba ni njia inayopigwa risasi. Alisali akiwa ameegemea ukuta: "Bwana, kama huyu ni adui, nitoe hapa. Kama ni rafiki, nitolee hiki kilicho moyoni mwangu." Alisikia tu Dative akifagia sebule, taratibu, kisha akifagia mahali pale pale tena.

Baada ya misa akaja Gélase, mdogo wake Dative, karani katika ofisi moja ya mtaa wa Kigobe, kuangalia kama wako salama. Aliuona mfuko kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo.

"Mama Trésor, unahama? Na barabara hii ilivyo?"

Odette alibaki chumbani, akimpapasa paka. Ndipo Dative akasema, akitazama kikombe chake, "Paka yake ilikuwa inataka majani. Nikaipandia mtama. Ikala, ikaanguka."

"Mtama? Uliokwisha kutoa majani?"

"Majani mazuri, ya kijani."

Gélase alitua kikombe chini. "Dative, we ulikuja mjini kuolewa ukiwa musichana, hukuchunga. Mi nilichunga. Kwetu Rutana, ng'ombe ya baba iliingia kwenye mtama wa watu, mtama mudogo, mbichi kabisa. Kabla ya mchana ilikuwa chini. Baba alinipiga mpaka nikashika: mtama mukubwa ni chakula, lakini mtama mudogo unaua."

"Mi nachipusha mtama tangu zamani. Watu wangapi wamekunywa?"

"Kimea unakikausha, unakisaga, unakipika. Nani amekunywa majani yake?"

Dative alijifunika uso kwa kitenge.

Odette alikuwa amesikia yote. Alitaka kuamini, alitaka sana. Lakini ndugu humfunika ndugu yake, na majani yalikuwa yamefukiwa kabla mtu yeyote hajataja ng'ombe. "Asante, kaka," alisema, na mfuko hakuufungua.

"Ngoja angalau barabara itulie," Gélase alimsihi. Akiwa mlangoni, akamgeukia dada yake. "Kama ni majani tu, tafuta ngano. Ngano haina neno."

Kesho yake Dative alivaa viatu vyake vya kanisani, akaenda kwa miguu mpaka mtaa wa maduka wa Quartier Asiatique, ingawa mizinga ilikuwa ikisikika tangu alfajiri. Kule kulikuwa na mfanyabiashara wa nafaka aitwaye Radjabu, mtu wa utani mwingi, lakini siku hiyo hakutania. Alimchambulia ngano nzima, isiyosagwa, akamfungia kwenye pindo la kitenge, na kumwambia arudi kwa njia ya ndani. Dative alirudi jua likielekea kuzama ziwani, vumbi limempanda hadi magotini. Odette alimsikia akiloweka, akiosha sahani, akimimina udongo mpya. Hakutoka.

Siku zilizofuata waliishi hivyo, kila mmoja upande wake wa mlango. Dative aliweka sufuria ya chakula mlangoni na kuichukua ikiwa imejaa. Odette alikula ndizi alizozimenya mwenyewe. Usiku alifungua Zaburi na kuisoma silabi kwa silabi, na alipofika kwenye neno gumu alikumbuka nani alizoea kumsaidia, akafunga kitabu.

Kisha asubuhi moja akasikia hodi.

"Fungua tu. Siingii."

Dative aliketi sakafuni nje ya mlango, miguu ameinyoosha, sahani mapajani. Ngano ilikuwa imeota nene, kijani kibichi. Alichuma majani kadhaa akayatia mdomoni, akatafuna mbele ya Odette, kama mwenyeji wa Burundi anavyoonja chungu cha pombe kwanza ili mgeni ajue kwamba hakina kitu. Akameza. Akachuma mengine.

Odette alibaki kwenye kizingiti. "Iko namna gani?"

"Kama kula paa ya nyumba ya nyasi." Dative alijifuta mdomo. "Keti. Tungoje uone kama naanguka."

Waliketi. Mbali, upande wa milima, kombora lilidunda, na wote wawili waliinamisha vichwa kwa mazoea.

"Kwa nini ulifukia?" Odette aliuliza.

"Niliogopa. Nilijua utafikiri nini. Nikafanya kitu cha mutu anayefikiriwa hivyo."

"Ulinipa mugongo."

"Nilikuwa nalia kwenye pipa, Mama Trésor. Ungeona kamasi ya mutu muzima."

Odette alitazama mikono yake. Kisha akanyoosha mkono kwenye sahani, akachuma majani, akatafuna. Yalikuwa na ladha ya mvua, yenye utamu kidogo, na yalikwama kooni. Alikohoa, na Dative akampigapiga mgongoni bila kufikiri, halafu akauondoa mkono haraka.

"Acha aje," Odette alisema, akausukuma mlango mpaka mwisho.

Musafiri alitoka kwa mashaka. Alinusa sahani, akainua macho kama anayeuliza, kisha akaanza kung'ata ncha za majani moja moja, kichwa kikiwa upande. Alikula alivyotaka, akatembea mpaka katikati ya sebule. Pale akasimama. Akainama. Tumbo likaanza kujikunja, likajikunja tena, na akatapika kwenye saruji.

Dative alipiga magoti, mkono mdomoni. Hakumtazama paka. Alimtazama Odette.

Odette alisogea akainamia yale matapishi. Majani yalikuwa humo, na katikati yake kulikuwa na kidonge cha manyoya ya kijivu, kikubwa kama kidole gumba. Kule Uvira, Trésor alikuwa akiviokota vidonge hivyo kwa kipande cha karatasi, akiwafukuza navyo watoto wa jirani. Musafiri alijilamba mdomo, akawapita wote wawili, akarudi kwenye sahani.

"Si kitu, dada," Odette alisema. "Ni manyoya yake tu. Niletee kitambaa."

Dative hakuondoka. "Una hakika?"

"Lete kitambaa. Na kama kuna maharage, niletee na maharage. Tangu Jumamosi nakula ndizi."

Dative alileta kitambaa, kisha sahani mbili za chakula. Odette alianza kula kabla mwenzake hajaketi.