Kumwonea Wivu Mbuzi

Fundi alipomwoa mjane wa Mbuzi, hakuna aliyemwambia kwamba anaoa na njia.

Mbuzi lilikuwa jina la utani. Mwenyewe alikuwa binadamu kama wengine, mrefu, mwembamba, na aliitwa hivyo tangu utotoni kwa jinsi alivyoparamia majabali. Ndiye aliyeifyeka ile njia ya zamani ya askari iliyokuwa imemezwa na vichaka. Inaanzia kwenye daraja la mawe, inafuata mto, inapita kwenye magofu ya kinu kilichokuwa kikisaga nafaka kwa nguvu za maji, kisha inaanza kupanda hadi kwenye mnara wa walinzi, na juu kabisa iko ngome ya wafalme ambao hata majina yao yamesahaulika. Watu wakaanza kuja kutembea, kwanza mmoja mmoja, baadaye kwa makundi. Ofisi ya wageni ikasimamisha vibao, kila kibao na mshale wake, mchoro wa mbuzi mwenye pembe, na maneno: Njia ya Mbuzi. Halafu Mbuzi akashikwa na homa ya mapafu, akafa kitandani kwake, kijana bado.

Mjane wake aliendelea na kazi waliyokuwa wakiifanya pamoja, ya kuwaongoza wageni. Fundi alimpenda kwa kicheko chake, kilichokuwa kikisikika hadi ng'ambo ya mto alikokuwa akijenga ukuta wa watu. Aliuliza ni nani anayecheka vile, akaambiwa, akavuka daraja. Mwaka uliofuata wakaoana.

Mwanzoni wivu ulikuwa kama kokoto kwenye kiatu: unatembea nayo, huku ukijiambia utaitoa ukifika. Mkewe, kwa heshima, aliitoa ukutani picha ya marehemu kabla Fundi hajahamia. Lakini picha ingekuwa afadhali. Picha unaweza kuipa mgongo. Fundi akienda dukani anapita kibao cha mbuzi. Akienda kuchota mchanga, mbuzi. Wageni walipokusanyika asubuhi barazani kufunga kamba za viatu, hapakosi mmoja wa kuuliza, "Njiani tutawaona hao mbuzi?" Mkewe anacheka, anasema, "Mbuzi alikuwa mmoja tu, na alikuwa mume wangu." Wote wanacheka naye. Fundi yuko ndani, anakunywa chai iliyopoa.

Dada yake mkubwa, ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika, alimtembelea akakaa siku mbili, akaona mwenyewe. Wakati wa kuaga akamvuta pembeni.

"Mdogo wangu, hebu niambie. Umeoa mke au umeoa makumbusho?"

"Dada, acha."

"Nauliza tu. Maana kwenye makumbusho hata kukaa huruhusiwi."

Alikuwa akitania, lakini neno likaingia mahali pake likakaa.

Msimu ule mvua ilishuka vibaya, ikakata njia chini kidogo ya mnara. Ofisi ya wageni ikamwita Fundi ajenge ukuta wa kuzuia udongo. Kazi ilikuwa nzuri, ya mawe matupu yasiyo na saruji, aina ya kazi aliyoipenda kuliko zote. Akapanda na nyundo zake, uzi na pimamaji, akaanza.

Sasa pale juu ya alipokuwa akifanya kazi, kwenye kona ambako bonde zima linaonekana, palikuwa na kiti cha mawe. Kila mpita njia alikikalia. Siku moja Fundi akiwa ameinama akichagua jiwe la pembe, akasikia sauti ya mkewe juu. Alikuwa amefika na kundi lake, nao wanapumzika.

"Na hapa," mkewe alikuwa akisema, "ndipo aliponiposa. Alikuja mbio kutoka kinuni, anahema hadi hawezi kusema. Nikamwambia pumua kwanza. Alipopata pumzi akasema, 'Njia yote hii nimeifyeka ili nipate sababu ya kutembea na wewe.'"

Wageni wakaguna kwa utamu, kama watu walioonja asali. Fundi hakuwahi kuisikia hadithi hiyo. Yeye aliposa barazani, na alisema, kama alivyokumbuka sasa kwa uchungu, "Unaonaje tukikaa pamoja?"

Mama mmoja mwenye kofia pana akauliza, "Na hukuolewa tena?"

"Nimeolewa. Mume wangu ndiye yule pale chini, anajenga."

Vichwa vyote vikachungulia. Fundi akajikuta anatazamwa na watu kumi na kitu, usoni vumbi, mkono mmoja jiwe, mwingine nyundo. Hakujua la kufanya. Akapunga mkono wenye nyundo. Nao wakapunga, na yule mama mwenye kofia akainamisha kichwa upande, vile watu wanavyomtazama mgonjwa aliyejitahidi kuketi.

Siku iliyofuata mkewe hakuwa na kundi. Fundi alipanda mapema, akapita ukuta wake, akaenda moja kwa moja kwenye kiti. Alikivunja jiwe kwa jiwe. Kilikuwa kimejengwa ovyo, mawe yamepangwa bila kushikana, na jambo hilo lilimpa furaha kwa muda wa kunywa maji hivi. Mawe yale akayashusha, akayachanganya na mengine ndani ya ukuta, akayagongomea yakakaa. Jioni pale kwenye kona palikuwa na udongo mtupu, na Fundi alishuka akipiga mluzi, lakini mluzi wenyewe haukufika darajani.

Mkewe alijua keshoye, mbele ya wageni. Wale waliokuwepo walisema alisimama pale, akafungua mdomo, akaufunga, kisha akawaongoza hadi ngomeni na kuwarudisha bila kusimulia lolote. Nyumbani alimkuta Fundi ananawa miguu.

"Kiti kiko wapi?"

"Kiti gani?"

"Fundi."

Akajifuta miguu taratibu, kidole kwa kidole. "Mawe yalipungua."

"Mawe yalipungua," mkewe akarudia. "Mlimani."

Fundi akainama kutafuta ndala zake.

"Ungeniambia nisiisimulie ile hadithi, ningeacha. Ungesema tu, 'Mke wangu, inaniuma.' Mdomo unao."

"Ningesemaje? Kwamba namwonea wivu maiti?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Watu wangenicheka."

"Watu wasingekuwepo. Ningekuwepo mimi." Akaingia ndani. Kwa siku kadhaa walizungumza mambo ya funguo na chumvi tu. Mkewe akaiambia ofisi anaumwa, na makundi akapewa mwingine. Kicheko kilichomvusha Fundi daraja hakikusikika hata upande huu wa mto, na yeye akagundua kwamba kumshinda marehemu hakumletei chochote nyumbani.

Mama yake Mbuzi alikuwa hai. Aliishi peke yake kwenye nyumba ndogo chini ya ngome, na alishuka mara chache, kwenda zahanati kwa ajili ya magoti yake. Harusini hakuja, ingawa alialikwa. Fundi alimjua kwa sura tu, na alikuwa hodari wa kumkwepa.

Asubuhi moja Fundi akiwa anamalizia ukuta, akasikia mtu anaita, si kwa kupiga kelele, bali kama anayemwita mtu wa chumba cha pili. Akapanda. Yule mama alikuwa ameketi chini kwenye udongo, pale pale kilipokuwa kiti, fimbo yake kando.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule mume." Hakuwa akiuliza. "Nimekaa, sasa siwezi kuinuka. Kiti changu kimekwenda wapi? Mvua?"

Uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi wa Fundi, umevaa na kufunga vifungo. Mvua ilikuwa imebomoa nusu ya mlima, nani angebisha?

"Hapana, mama. Nilikivunja mimi."

"Kwa nini?"

"Wivu."

Mama akamtazama sana. Kisha akachekea puani. "Kile kiti alinijengea mimi, kwa ajili ya magoti haya. Cha kwanza kilianguka siku hiyo hiyo, nami nimekikalia. Mwanangu alijua kutembea. Kujenga hakujua."

"Niliona," Fundi akasema, kabla hajajizuia.

"Uliona, eeh? Haya, niinue."

Alipomwinua, goti moja likagoma kabisa. Kushuka hadi zahanati haikuwezekana, wala kurudi juu kwa miguu. Fundi akageuka akachutama, na yule mama, baada ya kulalamika kwamba yeye si gunia, akapanda mgongoni.

Njia ya kwenda kwake ilikuwa ya ngazi za mawe zilizochakaa. Fundi alipanda polepole, na sauti ya mama ikawa inamjia sikioni.

"Unadhani wivu umeuvumbua wewe? Mkeo alipoletwa kwangu mara ya kwanza, nilimchukia. Mwanangu alikuwa akipita kwangu kila siku, akaanza kupita kila wiki. Nikasema huyu binti ameniibia. Nilimwonea wivu hadi chakula kilinishinda."

Fundi akapumzika kwenye ukingo wa ngazi, akaendelea.

"Halafu mwanangu akafa. Ukaja wewe, nikasikia mnaoana. Unajua kwa nini sikuja harusini?"

"Nilidhani unanichukia."

"Nilimwonea wivu tena yeye. Nikasema, tazama, yeye amepata mume mwingine. Mimi mwana mwingine nitampata wapi?"

Fundi akamweka sawa mgongoni. Alimbeba hadi mlangoni, akamketisha kitandani, akamchemshia maji ya kukanda goti. Kabla ya kuondoka aliona bawaba ya mlango imelegea, akaikaza.

Mawe ya kiti hakuweza kuyarudisha. Yalikuwa ndani ya ukuta, yamebeba mlima, na ukiyatoa unaanguka wote. Akatafuta mengine kando ya mto, akayapandisha kidogo kidogo, akajenga kiti kipya: kilichoinuka kiasi kwamba mtu wa magoti mabovu hahitaji kuchutama, chenye egemeo na mahali pa kushika mkono wakati wa kuinuka. Kilipokwisha, alimwambia mkewe kila kitu, hata habari ya kupiga mluzi. Kisha akamwomba waende akakione.

Mkewe alikizunguka. Akakipapasa.

"Si chenyewe," akasema.

"Si chenyewe."

"Kile kilikuwa kikinichoma mgongo." Akaketi. Alikaa muda mrefu akitazama bonde, na macho yake yakalowa, naye Fundi alijua hayakulowa kwa ajili yake. Ilimuuma. Safari hii hakuangalia pembeni.

"Nisimulie," akasema. "Ile ya kuja mbio. Na nyingine."

"Una hakika?"

"Sina. Nisimulie tu."

Akamsimulia hadi jua likahama upande wa pili wa mto. Nyingine zilimchekesha, nyingine zilimchoma, na moja ilimfanya ainuke atembee kidogo kisha arudi.

Mkewe alirudi kazini. Hadithi ya posa aliendelea kuisimulia, ila Fundi akiwa karibu anairuka, na Fundi anajua kwamba ameiruka, na bado inamsumbua kidogo, kama jino linalokumbusha kwamba lipo. Yule mama naye akazoea. Kila mara akawa na jambo: mara paa linavuja, mara jiko linafuka moshi, mara hakuna kilichoharibika ila amechemsha chai nyingi. Fundi alipanda, na alichelewa kurudi.

Jumapili moja alirudi jioni, bado anatabasamu peke yake. Mkewe alikuwa barazani, mikono kifuani.

"Huko kwa mama huwa mnacheka nini?"

"Mambo tu. Alikuwa akinieleza habari za utoto wa Mbuzi."

"Habari gani? Mbona mimi hajanieleza?"

"Muulize mwenyewe."

"Miaka yote nimemwita mama," mkewe akasema, "nami sijawahi kuchemshiwa chai." Akaingia ndani, na mlango ukafungwa kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.