Mlango wa Kicheko

Kabla ya gari, Bosi aliitwa Makamasi. Baba yake alikuwa na duka la dawa, lakini pua ya mtoto haikukauka mwaka mzima, na wenzake hawakuona haya kumkumbusha. Walikuwa wanne: yeye, Kinyozi, aliyewanyoa wenzake bure kwa mashine ya mjomba wake, Mrefu, na Kicheko, ambaye hata ukimkanyaga kidole alicheka kwanza ndipo alalamike. Walikuwa chanda na pete. Wakitoka shule walijipanga barabara nzima, na wenye baiskeli waliwatukana kila siku.

Makamasi alipofikisha miaka kumi na minane, baba yake akampa gari lake kuukuu, la bluu, lililokwaruzwa ubavu mzima. Wiki hiyohiyo jina la Makamasi likafa. Hakuna aliyeitisha kikao. Kinyozi alianza tu kusema, "Bosi, leo unatupeleka wapi?" na wengine wakafuata. Mtu unayetaka akupakie humwiti Makamasi.

Gari lilikuwa na kilema kimoja. Mlango wa nyuma wa kushoto ulifunguka kwa nje tu. Kitasa cha ndani kilikuwa kimekufa, na kioo chake hakikushuka. Aliyeketi pale alisubiri kufunguliwa kama mzigo. Mwanzoni aliketi Mrefu, magoti yakimgusa kidevu, na kila walipofika alibaki ndani huku wenzake wakijifanya wamemsahau. Alichukia kupita kiasi. Siku moja akamwambia Kicheko, "Hebu hamia huku. Wewe mfupi, utakaa raha." Kicheko akacheka, akahama.

Basi ikawa mchezo. Wakifika mahali, Bosi alizunguka nje, akasimama mbele ya kioo kile na kukunja mikono. Kicheko alitakiwa kugonga na kusema, "Mheshimiwa, naomba kushuka." Aligonga, akasema, akacheka. Kinyozi alicheka mpaka akashika mbavu, maana kiti cha mbele hakikuwa cha mtu wa kununa. Mrefu naye alicheka, na moyoni alishukuru kwamba si yeye. Siku moja walimwacha Kicheko ndani, juani, wakaenda kunywa soda. Waliporudi shati lake lilikuwa limelowa chapachapa kwa jasho.

"Mashetani nyie, hata soda hamkuniletea," alisema, akicheka. Kisha akanyamaza njia nzima. Kila mmoja aliona, na kila mmoja akajitia kuangalia barabara.

Halafu Bosi akanunua spika kubwa kama kabati, akaifunga kwa kamba katikati ya kiti cha nyuma. Tangu hapo Mrefu na Kicheko, waliokuwa wakipiga soga toka shule mpaka nyumbani, hawakuonana njiani wala kusikilizana.

Ajali ilitokea mchana kweupe. Bosi aliinama kuongeza muziki. Alipoinua kichwa, lori la mchanga lilikuwa mbele yake, bovu, limesimama. Gari likalivaa kwa nyuma. Kamba ikakatika, na spika ikamlalia Kicheko mapajani na kumziba njia ya kupitia upande wa Mrefu. Moshi mweusi ukafumuka mbele na kuanza kuingia ndani. Bosi na Kinyozi walitoka mbio. Mrefu alitoka kwa mlango wake, na tumpe haki yake, alizunguka gari mpaka upande wa kushoto. Kicheko alikuwa anagonga kioo. Safari hii hakuwa anacheka.

"Linalipuka!" Bosi akapiga ukelele kutoka mbali.

Mrefu alikuwa amebakiza kunyoosha mkono tu. Akageuka, akakimbia.

Utingo wa lori akaja mbio. "Kuna mtu ndani?"

"Yupo mmoja," Mrefu akajibu, akiwa ng'ambo ya barabara. Utingo akauelekea mlango ule. Hapo Mrefu akashikwa na aibu. Ndiyo, aibu, rafiki yake anakata roho, na yeye anawaza ataonekanaje mlango ukifunguka. Akapaza sauti, "Umekwama huo! Nimeshauvuta!"

Utingo akauacha. Akaokota jiwe, akaenda kupambana na kioo cha nyuma, na kioo kile kilikuwa kigumu. Moto waliuzima kwa mchanga wa lori kabla haujafika viti vya nyuma, lakini moshi ulikuwa umeshamaliza kazi yake.

Bosi hakuonekana msibani. Baba yake alimsafirisha kwa ndugu. Kinyozi alikaa nyuma kabisa, kichwa chini. Mama Kicheko, aliyemlea mwanawe peke yake kwa kufua na kupiga pasi nguo za watu, alimshika Mrefu mikono yote miwili mbele ya waombolezaji.

"Huyu ndiye aliyejaribu," akawaambia. "Wenzake walikimbia. Mwanangu, Mungu akulipe."

Akampa sweta la shule la marehemu, limepigwa pasi. Mrefu alilala nalo chini ya mto. Hakuweza kulivaa, na hakuweza kulitupa.

Wiki chache baadaye mama akamjia. "Mwanangu, nipeleke nikalione hilo gari. Nataka kuona alipokaa. Sina mwingine wa kumwomba." Mrefu alitafuta udhuru, akaukosa.

Gari lilikuwa uani nyuma ya kituo cha polisi, katikati ya pikipiki zilizopondeka. Askari wa zamu aliwaonyesha kwa kidevu, akarudi kwenye chai yake.

"Alikaa wapi?"

"Pale, mama." Kisha akaongeza haraka, "Lakini huo mlango umekwama. Pitia huku."

Mama alikuwa ameshashika kitasa. Hakutumia nguvu, alivuta kama anayefungua kabati la nguo. Mlango ukafunguka.

Aliingia, akaketi, akaweka mkoba mapajani, akajifungia. Ndani akapapasa kitasa, akakivuta. Kikalegea mkononi. Akakivuta tena. Kisha akamtazama Mrefu kupitia kioo, ambacho kwa ndani kilikuwa bado na alama za viganja kwenye masizi. Hakugonga. Alisubiri.

Mrefu alitamani ardhi immeze. Alitazama getini, akatazama kwa askari, na mama bado alikuwa anasubiri. Mwishowe akanyoosha mkono, akafungua. Kidole kimoja kilitosha.

Mama akashuka, akakung'uta gauni.

"Kumbe unajua kuufungua," alisema. Neno mwanangu hakulitia. "Kesho niletee lile sweta."