Kipimo cha Matengo

Kibua alikuwa na mkono wa birika, na hilo halikuwa siri kwa mtu. Kamba ikikatika aliiunga, ikikatika tena aliiunga tena, mpaka ikabaki mafundo matupu. Viatu vyake vya mpira vilikuwa na viraka vya rangi tatu. Mkewe alizoea kuwaambia watu kwamba malaika wa kutoa roho atakapokuja, Kibua ataanza kwa kumwomba apunguziwe. Watu walicheka, na mwenyewe Kibua alicheka kuliko wote.

Mzaha huo sasa ulikuwa umekufa. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Nyavu kwa sababu aliishi kwa kuziba nyavu za wavuvi, hakuutamka tena tangu siku ile hospitalini, daktari alipomwita pembeni kwenye korido. Palikuwa na benchi moja na ndoo ya kupigia deki. Daktari alimwambia ugonjwa umeshatapakaa tumboni, na kwamba hakuna tena cha kufanya isipokuwa kumpa mgonjwa vidonge vya kutuliza maumivu. Miezi michache, mama, labda isifike. Kumwambia au kutomwambia ni juu yako.

Bi Nyavu alichagua kutomwambia. Alitoka pale akajipangusa uso kwa ncha ya kanga, akamkuta mumewe amejikunja kwenye kiti, akamwambia ni vidonda vya tumbo, vinataka uvumilivu. Funika kombe mwanaharamu apite. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote juu ya mtu anayeficha maradhi ya mwenzake, naye alijikinga na kimya hicho cha wahenga. Alichotaka ni kimoja tu: Kibua aondoke duniani siku yake ikifika, bila kuihesabu.

Basi asubuhi moja Kibua akaamka amechangamka. Alikunywa chai kikombe kizima, akavaa shati la kutokea, ambalo sasa lilimpwaya mabegani, akasema:

"Mke wangu, nataka matengo mapya."

Ngalawa yao ilikuwa nyuma ya nyumba, imelala kifudifudi tangu alipoanza kuumwa. Gogo lenyewe lilikuwa zima. Ila matengo, ile mbao ya kila upande inayoelea juu ya maji na kukizuia chombo kisipinduke, yalikuwa yamekaukia juani mpaka yakapasuka kwa urefu. Ngalawa bila matengo ni gogo la kuzamisha watu.

Bi Nyavu alibaki na birika mkononi. Angesema nini? Kukataa ni kueleza sababu, na sababu ndiyo ile aliyoimeza. Akapiga moyo konde, akasema, "Haya baba, kesho twende kwa Fundi." Moyoni alishaamua kwamba watachukua ya bei ya chini kabisa. Chombo hakiendi popote. Kinachobaki kitanunua vidonge.

Lakini kulikuwa na jambo lililomtia hofu kuliko bei. Fundi wa vyombo pale ufukweni alikuwa na kanuni yake, na kila mvuvi aliijua. Hakufunga matengo kabla ya kumpandisha mwenye chombo. Ngalawa ilishushwa kwenye maji ya magotini, mwenyewe akakaa nyuma, mahali pake pa siku zote, naye Fundi akainama kutazama imelalaje. Kisha akachora kwa mkaa mahali pa kufunga. Mzito alifungiwa huku, mwepesi kule.

"Matengo ni nguo," alikuwa akisema. "Hushonewi kwa kipimo cha jirani."

Na Kibua alikuwa amebaki mifupa. Akikaa mle, chombo kitaelea juu juu kana kwamba hakina mtu, mbali kabisa na alama zake za zamani, na hata kipofu ataelewa. Kwa hiyo mchana ule ule Bi Nyavu aliaga kwamba anapeleka wavu wa mtu, akaenda kwa Fundi.

"Kaka yangu, nakuomba kitu. Kesho nikija na shemeji yako, usimpandishe. Fuata alama za zamani."

Fundi alijikuna kichwa kwa penseli. "Dada, chombo kisichopimwa kitamzamisha."

"Hakiendi popote."

Fundi alimtazama. Kisha akaweka randa chini polepole, akasema sawa, akaliulizia soko la samaki, wakazungumza habari za soko ambazo hakuna aliyezisikiliza.

Kesho yake majirani wanne waliibeba ngalawa mpaka kwenye karakana ya Fundi, iliyokuwa hatua chache tu kutoka majini. Kibua alitembea nyuma yao akisimama kila mara kutazama hiki na kile, nyumba ya fulani, bati jipya la fulani. Mkewe alijua anasimama kuvuta pumzi, naye akasimama pamoja naye na kusifu mabati.

Karakana ilinuka gundi na maranda mabichi. Makopo ya misumari yalipangwa dirishani, na redio iliyofungwa kwa waya ilikuwa ikikoroma peke yake. Fundi aliwaonyesha alichokuwa nacho. Kulikuwa na mbao nyeupe, laini, nyepesi kubeba, za msimu mmoja, mpaka zinywe maji. Kulikuwa na mabomba ya plastiki yaliyozibwa ncha zote mbili, ambayo siku hizi wavuvi wengi wasio na kitu waliyafunga. Na kwenye pembe, nyuma ya mlango uliong'olewa, kulikuwa na jozi ya mvule, kuukuu lakini nzima, iliyotolewa kwenye chombo cha mtu aliyeacha uvuvi. Hiyo bei yake ilikuwa chini ya mvule mpya, lakini bado ilikuwa bei ya kumtoa mtu jasho.

"Mabomba," alisema Bi Nyavu kabla mtu hajauliza. "Mabomba yanatosha."

"Mabomba ya choo?" Kibua alikunja uso. "Nikutane na wenzangu baharini nimekalia mabomba ya choo?"

Fundi alicheka. Bi Nyavu hakucheka. "Basi mbao nyeupe."

"Hizo hunywa maji kuliko mlevi." Kibua alijikokota mpaka pembeni, akausogeza mlango, akaupiga mvule kwa kifundo cha kidole. Akasikiliza. Akapiga upande wa pili. Akapitisha kucha kwenye kila tundu la zamani, akauinua upande mmoja kidogo, akashindwa, akajifanya hakuwa na nia ya kuuinua. "Huu," alisema.

Mkewe hakuamini masikio yake. Mwanaume huyu, aliyewahi kurudi sokoni kwa miguu kudai nyanya moja iliyopungua, leo anachagua cha ghali bila hata kuuliza kinapungua vipi! Hasira zilimpanda. Hazikuwa hasira za fedha peke yake. Alimwonea uchungu kumwona anachagua mti wa miaka kumi, na uchungu ule ukatoka kinywani kama ugomvi.

"Wewe leo umelogwa? Mabomba ni nusu ya nusu ya bei! Tutakula nini? Dawa je?"

"Mabomba jua linayapasua. Baada ya mwaka mmoja unaanza upya."

"Mwaka si unatosha!"

Neno lilishatoka. Alitamani ayaokote yale maneno chini na kuyarudisha mdomoni. Redio ilikoroma. Fundi akageuka kupanga misumari iliyokuwa imeshapangwa. Kibua alimtazama mkewe bila ukali, akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati na kutoa kitambaa kilichofungwa mafundo manne.

"Rahisi ni ghali," alisema, akaanza kufungua fundo la kwanza kwa meno. "Hii ni fedha ya saa yangu na baiskeli. Nimeuza juzi. Fedha yako ya dawa sijaigusa."

Alikuwa amewaambia watu wa nyumbani kwamba baiskeli iko kwa fundi wa baiskeli. Bi Nyavu alikitazama kile kitambaa. Alifikiri: hajui, maskini, hajui kabisa, anajinunulia miaka. Akageukia ukuta ili asimwone machozi.

Wakaishusha ngalawa majini. Mvule ukabebwa ukawekwa kando, juu ya mchanga, pamoja na kamba za kufungia. Fundi alikunja suruali, akasema bila kumtazama mtu usoni:

"Alama za zamani bado zipo, mzee. Nitafuata hizo hizo. Hakuna haja ya kulowana."

"Tangu lini ukafunga matengo bila kupima?"

"Chombo nakifahamu."

"Chombo unakifahamu. Mtu je?" Kibua alivua viatu vyake vya viraka, akaviweka sambamba mchangani, akaingia majini mpaka magotini. Miguu yake ilikuwa myembamba ya kutisha. "Kipimwe."

Fundi alimtupia Bi Nyavu jicho la kuomba msamaha. "Basi panda, mzee."

"Si mimi." Kibua alimgeukia mkewe. "Panda, mke wangu."

Bi Nyavu alicheka kicheko kifupi. "Mimi? Nipande niende wapi?"

"Ulikokuwa ukienda na marehemu baba yako. Nani asiyejua kwamba ulishika usukani kabla sijajua kuogelea? Nilioa nahodha nikamkalisha chini azibe nyavu. Panda."

Hapo akaelewa. Aliingia majini na nguo zake zote, kwa sababu miguu ilimwambia aingie, akashika ukingo wa ngalawa, akapanda. Fundi alikishika chombo kisipinduke. Alipokaa nyuma, mahali pa mumewe, mti ulikuwa na shimo dogo lililochongwa na miaka ya kukaliwa, nalo halikuwa la umbo lake.

"Umejua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ulipoacha kunigombeza." Kibua alitabasamu. "Niliunga kamba ya ndoo mbele ya macho yako, mafundo saba, ukaniambia pole na kazi. Nikasema loo, nimekwisha."

"Na mimi nimekuchagulia mabomba."

"Ulikuwa unajichagulia mwenyewe bila kujua. Ndiyo maana nimekataa." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Binti yetu ana kwake na ana yake. Nyavu za watu hazitakulisha uzeeni. Ukiwa na chombo utakula."

Bi Nyavu alilia basi, kilio cha sauti, kile alichokibana tangu koridoni. Alilia mabega yakitikisika na ngalawa ikitikisika naye, maji yakipanda na kushuka ubavuni. Wavuvi wawili waliokuwa wakikokota nyavu walisimama, wakaona, wakaendelea na kazi yao kwa adabu.

"Tulia kidogo, mama," alisema Kibua kwa upole. "Ukiyumba hivyo Fundi haoni maji yanaishia wapi."

Akajaribu kutulia. Fundi aliinama, kipande cha mkaa kikiwa mkononi, akatazama mstari wa maji upande mmoja, akazunguka upande wa pili.

"Sogea nyuma kidogo, dada. Hapo hapo."

"Panda na wewe," Bi Nyavu alimwambia mumewe, akimnyooshea mkono. "Kaa hapa mbele yangu. Atupime wote wawili. Fundi, si unaweza kupima watu wawili?"

"Naweza," alisema Fundi haraka. "Naweza kabisa."

Kibua aliushika ule mkono. Aliushika kwa mikono yake yote miwili, akasimama nao pale majini, ngalawa ikimgonga gonga magotini. Kwa kitambo alionekana kama mtu anayepiga hesabu, kama zamani sokoni.

"Hapana," alisema. "Pima mtu mmoja, Fundi."

Fundi akainama, akachora.