Kadi ya Ishirini na Sita

Verlene Mabry aliendesha basi la wanafunzi miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kusema uongo mkubwa kuliko ule aliouvaa asubuhi ya mwisho wa kambi: aproni nyeupe, wavu wa nywele kichwani, na taulo dazeni moja mikononi, zimekunjwa na kupangwa mpaka zikamfika kidevuni.

"Unakwenda wapi na mataulo, Verlene?" Dub Scoggins alimwuliza kutoka kwenye kiti chake cha kukunja, mdomo umejaa karanga za kuchemsha. "Umepata kazi ya kuogesha wazee?"

"Ukiendelea kuropoka nitaanza na wewe."

Watu wa uzio walicheka. Ndivyo walivyojiita, watu wa uzio. Kila Machi timu ya Korongo ilikuja Lake Tarlow, Florida, kunyoosha viungo kabla ya msimu wa besiboli kuanza, na kila Machi watu wa uzio nao walikuja, na kofia zao, na kalamu zao za wino wa buluu, na albamu za kadi zenye picha za wachezaji. Mchezaji akitoka uwanjani unamwita kwa jina, unasema tafadhali, unampitishia kadi moja kwenye nafasi ya uzio, anatia saini, unasema asante. Husukumi. Hulii. Huombi mbili. Anayevunja sheria hizo hununiwa mpaka mwaka unaofuata.

Verlene na Dub walikuwa wakishindana kukamilisha kitu kimoja: kadi za Korongo wa mwaka themanini na nne, timu iliyofungwa michezo mingi kuliko timu yoyote waliyowahi kuipenda. Kadi ishirini na sita. Verlene alikuwa na saini ishirini na tano. Dub naye ishirini na tano. Wote wawili walikosa kadi ile ile, ya mrushaji mpira Rusty Haldane.

Kadi yenyewe ilikuwa na kasoro inayojulikana. Jina lililopigwa chapa ni la Haldane, shati ni la Haldane, namba kifuani ni ya Haldane, ila sura si yake. Haldane alikuwa na masharubu mazito na kichwa kama boga. Aliyepigwa picha ni kijana mwembamba, hana unywele mdomoni, na masikio yake yamesimama kama milango ya gari iliyoachwa wazi. Ni nani? Hakuna aliyejua. Kiwandani walichanganya, watu walisema, yakaisha.

Sasa Haldane alikuwa kocha wa warushaji, mzee wa miaka sabini na kitu, na hakuwa akisimama uzioni hata siku moja. Alipita na kigari chake cha umeme mbio mbio, akipunga mkono na kupiga kelele, "Niandikieni barua, wapenzi! Barua!" Nao waliandika. Ukituma mpira, unarudi na saini. Ukituma kofia, inarudi na saini, tena saini ya kupendeza, herufi zimelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo, na mkia mrefu unaozunguka chini ya jina zima. Lakini ukituma kadi ya themanini na nne, inarudi tupu. Verlene aliituma mara kumi na moja. Mara kumi na moja ilirudi safi kama ilivyokwenda.

"Ana kinyongo na ile sura," Dub alikuwa akisema. "Ingekuwa wewe, ungekubali kuitwa Verlene huku picha ni ya mbuzi?"

Basi ilikuwa siku ya mwisho. Kesho yake timu ingepanda ndege kwenda kaskazini, na Haldane alishatangaza kwamba akifika huko anaiaga timu, anahamia milimani Montana kuvua samaki mahali ambapo barua hazifiki. Kifuko cha mwisho cha albamu ya Verlene, kama hakingejazwa leo, kingebaki wazi mpaka azikwe. Ndiyo maana alikwenda dukani akanunua taulo.

Mlinzi wa mlango wa nyuma alikuwa jitu la haja, shingo hana.

"Taulo za wapi hizo?"

"Za wanaooga, mwanangu. Au Korongo siku hizi hawaogi?"

"Mbona sina habari?"

"Huna habari kwa sababu zimechelewa. Zimechelewa kwa sababu nimesimama hapa naongea na wewe. Wapo wanaume ishirini humo ndani wamelowa, mmoja akitoka uchi kuja kuuliza nitamwonyesha wewe."

Mlinzi alifungua mlango upesi.

Alichokipanga Verlene kilikuwa kidogo tu. Angemvizia Haldane kwenye kona ya kuchajia kigari, ambako hawezi kukimbia, angemtolea kadi mfukoni mwa aproni na kusema tafadhali. Lakini ujia wa ndani ulikuwa na milango mingi, yote ya kijani, na mlango alioufungua ulikuwa wa chumba cha kufulia.

Joto lilimpiga usoni. Mashine sita zilikuwa zinanguruma, suruali za wachezaji zimerundikwa mpaka dirishani. Katikati ya rundo, mzee mwembamba amempa mgongo, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Weka pale juu ya mashine, dada," alisema bila kugeuka. "Asante sana."

Verlene aliweka. Angeweza kutoka. Lakini miaka thelathini na mmoja ya kutazama kwenye kioo watoto wanafanya nini viti vya nyuma ilikuwa imempa macho ya namna yake, na macho hayo yaliona kwamba mzee hafui. Kulia kwake kulikuwa na kreti ya mipira mipya, kushoto rundo la bahasha. Alichukua mpira, akaukamata kwa vidole viwili kama yai, akaandika. Herufi zikalala upande mmoja. Mkia ukazunguka chini ya jina zima. Akaupuliza wino ukauke, akachukua mwingine.

Verlene alikuwa na mipira minne yenye saini ile ile, imekaa sebuleni kwake ndani ya vioo. Ya Dub ilikuwa sita, na mmoja alikuwa akilala nao karibu na kitanda tangu mke wake alipofariki.

"Ee Mungu wangu," alisema Verlene.

Mzee aligeuka. Alikuwa na mvi, mashavu yameingia ndani, lakini masikio hayakuwa yamezeeka hata kidogo. Yalisimama vile vile, milango ya gari imeachwa wazi.

Verlene alisahau hata mipira. Alichomoa kadi kwenye aproni, akaitazama, akamtazama mzee, akaitazama tena.

"Ni wewe!"

"Mimi nani?"

"Wewe! Huyu hapa!"

Mzee alichukua kadi kwa ncha za vidole, akaketi vizuri kwenye ndoo yake, akacheka kicheko cha mtu aliyekamatwa baada ya kusubiri kukamatwa muda mrefu. Jina lake Fenton Oglesby. Alikuwa mfuaji wa Korongo tangu ana miaka ishirini.

"Mpiga picha wa kadi alikuja asubuhi," alisema. "Rusty yuko chooni, chaza wa jana yake wamemgeuka tumboni, hawezi kunyanyuka. Akanirushia shati juu ya mlango. Akasema, 'Fenton, kasimame pale, tabasamu, nani atajua?' Nikasimama. Nikatabasamu."

"Na hii mipira?"

"Hii ni kazi, mama. Rusty anapata barua mia kwa wiki. Mimi nina mwandiko. Mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa akichapa vidole kwa rula."

"Kama unaandika yote, kadi yangu mbona unanirudishia tupu? Mara kumi na moja!"

Fenton alionekana kuumia kweli kweli. "Aa, pale hapana. Kuandika jina la Rusty kwenye mpira ni kumsaidia mtu kazi. Kuandika jina la Rusty juu ya sura yangu mwenyewe? Nijitie saini mimi, kwa jina la mwanamume mwingine? Nina heshima zangu, mama."

"Na yeye kwa nini asiandike mwenyewe?"

"Kwa sababu mwandiko wake..." Mlango ulifunguka kabla Fenton hajamaliza.

Rusty Haldane aliingia akitafuta soksi. Masharubu yalikuwa meupe sasa, boga limekuwa kubwa zaidi. Alimwona mwanamke mwenye wavu wa nywele, akaiona kadi, akauona mpira wenye wino mbichi mkononi mwa Fenton, akaufunga mlango nyuma yake taratibu sana.

"Huyu ni mtu wa taulo?" aliuliza.

"Ni mtu wa uzio," alisema Fenton.

"Tumekwisha."

Verlene alijinyoosha. Sauti aliyoitoa ilikuwa ile ya kuwaambia watoto wa viti vya nyuma kwamba basi haliendi popote mpaka paka atoke kwenye begi.

"Kocha, tafadhali, naomba saini yako. Moja tu. Kwenye kadi hii. Kwa mkono wako mwenyewe."

"Na nikikataa?"

"Kule nje wapo watu arobaini na mipira yao. Sitasema neno. Nitawaambia tu waje kusalimia chumba cha kufulia, wamwone bwana huyu anavyofanya kazi kwa bidii."

"Mama, huo ni ujambazi."

"Nimesema tafadhali, au sikusema?"

Haldane aliketi juu ya kikapu cha suruali. Alivua kofia akajikuna, akamtazama Fenton, Fenton akatazama dari. "Nikiandika, hutamwambia mtu yeyote habari za humu? Yeyote? Hata ukibanwa?"

"Simwambii mtu."

"Apa."

"Naapa kwa basi langu."

Alipewa kalamu. Akaishika kwa ngumi nzima, kama mtu anayetaka kumchoma nyoka. Alitoa ulimi nje. Alianza, akasimama, akamwuliza Fenton, "Haldane ina e mwishoni, sivyo?" Fenton akasema ina, bwana, ina tangu zamani. Ilichukua karibu dakika mbili, jasho likimtoka, na alipomaliza aliirudisha kadi akiwa ameifunika kwa kiganja kwa aibu, kama mtoto anayekabidhi mtihani.

Verlene alitazama. Lilikuwa jambo la kusikitisha. Panzi aliyezama kwenye wino akatambaa kutafuta pa kufia angeandika vizuri zaidi. R iliegemea kushoto, H ilikuwa ngazi iliyovunjika, na zilizofuata zilikuwa zinapanda juu ya sikio la kulia la Fenton kama zinaukimbia moto.

"Ndiyo hivyo," alisema Haldane. "Umetaka ya kwangu, hiyo ndiyo ya kwangu. Shule na mimi hatukuelewana."

"Ni nzuri," alisema Verlene, na wakati huo aliamini hivyo. Saini ishirini na sita! Alitoka mlango wa nyuma miguu haigusi chini.

Hakungoja hata kuvua wavu. Alikwenda moja kwa moja kwa Dub, akamwekea kadi mbele ya pua.

Dub aliacha kutafuna. Alivaa miwani. Watu wa uzio wakakusanyika, shingo juu ya shingo. Mwanamke mmoja kutoka Ohio akasema, "Ah, masikini."

"Masikini nini?" alisema Verlene.

"Dada," alisema Dub kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Verlene, "nani kakuuzia hii?"

"Sijanunua! Kaandika mwenyewe, mbele yangu!"

"Verlene. Mimi na wewe tumekaa uzio huu miaka mingapi? Usinifanye mtoto." Alifungua begi lake akatoa mpira, ule wa kando ya kitanda, akaushika karibu na kadi. "Hii ndiyo saini ya Haldane. Ona mkia. Ona herufi zilivyolala. Sasa hii yako... hii ameandika mtu aliye kwenye lori linalotembea."

"Au ameandika lori lenyewe," alisema mtu nyuma, na wote wakacheka.

Verlene alifumbua mdomo. Ukweli wote ulikuwa umepanga foleni ulimini. Alitazama ule mpira mikononi mwa Dub, jinsi Dub alivyoushika kwa viganja viwili, akaufumba mdomo.

Wakati huo kigari cha umeme kilitokea kwenye kona, kinakimbia kama kawaida. Dub alinyanyuka akaning'inia kwenye uzio.

"Kocha! Kocha, simama! Kuna watu wanaghushi saini yako!"

Na Haldane, kwa mara ya kwanza tangu awe kocha, alisimama uzioni. Watu walishikwa na butwaa. Dub alimpitishia kadi. Haldane aliitazama mbali, akaitazama karibu, akapiga ulimi kama anayeona ajali.

"Kazi ovyo kabisa," alisema. "Aliyeandika hii hata shule hakwenda. Mama, pole sana." Akamrudishia Verlene kadi mkononi mwake, macho yametulia, masharubu tu yanatikisika kidogo pembeni. "Niandikieni barua, wapenzi!" Kigari kikaondoka.

"Umesikia?" alisema Dub. "Kwa kinywa chake!"

"Nimesikia."

Kicheko kilimpanda Verlene kutoka mahali fulani chini ya aproni, akajaribu kukimeza, kikamshinda. Alicheka mpaka akakalia kiti cha Dub bila kuombwa, mpaka mwanamke wa Ohio akamletea maji akidhani ni uchungu. Alipotulia alifungua albamu ukurasa wa mwisho, akaichopeka kadi kwenye kifuko, akakilainisha kwa kidole gumba.

"Unaiweka kweli?" aliuliza Dub. "Mimi ningeitupa."

"Naiweka. Hebu nipe huo mpira wako niutazame tena." Aliupokea, akauzungusha kwenye jua polepole. "Kweli, Dub. Mwandiko safi huu. Safi kama shuka iliyotoka kufuliwa."

"Si ndiyo nakwambia," alisema Dub, akampa karanga.